Dawati la msaada wa kisheria Ngamiani: nilichokiona nilipompeleka mama

Nimekwenda mara nne na mama yangu kwenye dawati la msaada wa kisheria huku kwetu Ngamiani, Tanga. Naandika kwa sababu wanawake wengi wa mtaani wanapita mlango ule kila siku wakienda sokoni na hawajui kilichomo ndani. Huduma ni bure. Utalipia fotokopi tu.

Mama alipewa talaka ya karatasi baada ya miaka 26. Ofisi ya kwanza tuliyokwenda ilimwambia amalize eda, kisha arudi kwao. Kwao wapi, mtu wa miaka 58 aliyekwishazika baba na mama?

Pale dawatini msaidizi wa kisheria, kijana tu, alimwamkia shikamoo kisha akauliza: "Mama, hiyo nyumba mabati alinunua nani?" Mama akafungua pindo la kanga, akatoa risiti na daftari la upatu. Kila bando la bati lina zamu yake ya upatu, na kila zamu ni hela ya vitumbua. Kijana alizipanga moja moja mezani, zilizofifia akazinyanyua dirishani apate kuzisoma. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuzitazama karatasi zile.

Nilihofia wataisema vibaya dini yetu. Wala. Alimweleza haki zake za kidini: matunzo ya eda, mahari kama ilibaki, na kitulizo, yaani kile anachopewa mke aliyeachwa cha kumliwaza. Halafu akamweleza Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo Tanzania Bara ni moja kwa Mwislamu, Mkristo na aliyeoa kimila, na kwamba mahakama ikivunja ndoa ina uwezo wa kugawa mali iliyochumwa pamoja. Akataja kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani iliposema kazi za nyumbani nazo ni mchango.

Mama akauliza, "Hata kufua?"

"Hata kufua, mama."

Wala hakumficha kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu, kwa kuwa mahakama iliona ametapanya fedha alizopewa na mumewe. Hapo ndipo nilipomwamini.

Benchi lile lile alikaa dada mmoja Mkristo wa Muheza, shauri lake kama letu, sheria yake ile ile. Ingekuwa mirathi, yeye angepita njia yake na sisi yetu. Wapo wanaotaka sheria moja kwa kila jambo, wapo wanaotaka kadhi kama Zanzibar na Kenya. Mimi nataka mwanamke asitie dole gumba popote kabla hajaelezwa zote mbili, ya dini na ya serikali, kwa Kiswahili anachokielewa.

Kasoro ipo, na ni kubwa: chumba kimoja, hakuna hata pazia. Mama alieleza mambo ya chumbani kwake huku watu wasiomjua wamemsimamia mgongoni. Siku ya kwanza alitaka kuondoka. Na wanafungua siku mbili tu kwa wiki.

Baraza la usuluhishi lilishindwa kuwapatanisha, tukapewa Fomu Namba 3, hati ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana, na shauri sasa liko Mahakama ya Mwanzo. Ukienda, wahi kabla ya saa tatu asubuhi, foleni inajaa. Na beba risiti zako zote, hata zile zilizofutika.