Mashine ya kufyonza vumbi: ya waya au ya betri?

Nyumba ni chumba na sebule, kapeti ukuta hadi ukuta. Ya waya au ya betri?

Tuanze na nguvu, maana kapeti ndiyo inayoumbua mashine. Mchanga haukai juu. Hushuka hadi kwenye mashina ya nyuzi, na huko ya waya bado inatamba. Ya betri inaweza pia, ila ukiiweka kwenye nguvu ya mwisho, nyingi huzima ndani ya dakika 10 au 15. Na usibabaishwe na wati za kwenye boksi: tangu 2017 Umoja wa Ulaya unataka mashine za waya zisifike wati 900, na mazulia ya huko bado yanasafishika. Tazama kama kichwa kina brashi inayozunguka.

Kwa bei, ya waya ni nafuu. Ikiharibika, huenda ni kaboni za mota, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme ndani yake, na fundi wa mtaani anazibadilisha. Betri huchoka baada ya miaka michache. Betri ya mashine yangu ya kwanza haikuchomoka, mashine nzima ikaishia stoo. Uliza kama inachomoka kabla ya kulipa.

Lakini makombo ya chapati na wageni wako mlangoni? Hapo ya betri haina mpinzani, hata umeme ukiwa umekatika.

Mwenye pumu ndani ya nyumba achague ya mfuko, ambayo kwa kawaida ni ya waya. Ukikung'uta kikombe cha vumbi cha ile isiyo na mfuko, nusu ya vumbi inakurudia usoni.