Chaja ya Gari Linalolala Muda Mrefu: Ipi Ununue

Malalamiko ni yaleyale: gari limeegeshwa wiki tatu, ufunguo ukizungushwa unasikia tak-tak-tak tu, na mwenyewe anaambiwa anunue betri mpya. Wauzaji wengi wa betri hawapimi chochote. Wanakuuzia mpya, na mwezi unaofuata umekwama palepale.

Pima kwanza kama kuna mwizi, yaani kifaa kinachonyonya betri gari likiwa limezimwa. Zima kila kitu, funga milango, weka ufunguo mbali, subiri saa nzima hadi kompyuta za gari zilale. Weka mita kwenye milivolti, gusa vile vichuma viwili vidogo vilivyo mgongoni mwa fyuzi, fyuzi moja baada ya nyingine. Fyuzi inayosoma zaidi ya sifuri inapitisha umeme. Mara nyingi mwizi ni redio iliyofungwa ovyo, alamu ya kuongeza au rele (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyoganda. Gari lililolala halitakiwi kula zaidi ya miliampea 50 hivi. Hata hizo 50 ni Ah (ampea-saa) 1.2 kwa siku, kwa hiyo betri ya saizi ya NS60 yenye Ah 45 inabaki nusu ndani ya siku 19.

Mwizi akishatolewa, ndipo utafute chaja. Ampea 5 zinatosha gari dogo, hilo lisikusumbue. La kuuliza ni hili: umeme ukikatika ukarudi, chaja inaendelea yenyewe? Nyingi za vitufe hurudi kwenye hali ya kusubiri kidole. Taa inawaka, wewe uko safarini, betri inaisha huku imeshikana na chaja! Dukani, iunganishe na betri, chagua programu, zima soketi dakika moja, washa. Isipoanza kuchaji bila kuguswa, irudishe kwenye boksi.

Ya kwanza, tena kwa mbali, ni CTEK MXS 5.0 ya Uswidi. Inakumbuka programu ya mwisho, na umeme ukiwa haupo hainyonyi hata Ah 1 kwa mwezi kutoka kwenye betri. Ina waya wenye vikuku vya kufungwa moja kwa moja kwenye betri, hivyo huhitaji vibanio kila mara.

Ya pili ni NOCO Genius5. Nayo inakumbuka, na inachaji betri za volti 6 pia.

Ya tatu si chaja: swichi ya kukata betri, kwa maegesho yasiyo na soketi. Alamu na traka vitazimika, jua hilo.

Chaja za bei poa zisizojizima zikijaza: usiziache usiku kucha. Zinachemsha maji ya betri.

Kinachokera ni plagi. CTEK za soko la Ulaya zina pini mbili za mviringo, na muuzaji anakutupia adapta iliyolegea, bei ileile. Adapta hiyo hucheza kwenye soketi na kupata moto, ilhali toleo la Uingereza lina pini tatu zinazoingia kwenye soketi zetu bila adapta. Dai hilo kabla hujalipa.