TAHADHARI: Kuna mtu anauza "krediti za CLEP" kwa Waswahili wa Marekani

Ndugu zangu mnaosoma Marekani huku mnafanya kazi, na hasa dada zangu wa nyumba za wazee mnaotoka zamu ya usiku na kupitiliza darasani bila kulala, naomba msome hili lote. Kuna mtu anazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp na kwenye sherehe zetu akiuza krediti za chuo, yaani zile pointi za masomo tunazokusanya mpaka tupate shahada. Mimi amenipiga dola 1,850. Hapa Columbus nawafahamu wengine wanne aliowaliza, na mmoja wao nusura afukuzwe chuo. Jina lake halitawasaidia kitu, maana hulibadilisha kama anavyobadilisha laini ya simu. Shikeni maneno yake, kwa sababu hayo hayabadilishi.

Nina miaka tisa katika kazi ya kuhudumia wazee. Shule nimekuwa nikisoma kwa kudunduliza, masomo mawili kwa muhula, na mwaka jana nilikuwa nimefikisha krediti 41 kati ya 120 zinazotakiwa kwa shahada. Tulikuwa kwenye sherehe ya kipaimara cha mtoto wa rafiki yangu. Jamaa akakaa meza yetu, Kiswahili chake kimenyooka, ana adabu, anaamkia wakubwa. Akaniuliza nasoma nini na nimefika wapi. Nilipomwambia, alitikisa kichwa kwa huruma. "Dada, kwa nini unajitesa? Wenzako wanamaliza kwa CLEP."

Sasa niwaambie wazi, CLEP ipo kweli, na ndiyo maana tulinaswa. Ni mitihani ya College Board, taasisi ile ile inayosimamia SAT, mtihani wa kuombea nafasi ya chuo, na imekuwepo tangu 1967. Iko 34. Mingi ni ya dakika 90 kwenye kompyuta. Ukifaulu mtihani wa sosholojia, kwa mfano, chuo kinachoutambua kinakupa krediti za somo hilo bila wewe kukaa darasani miezi minne. Vyuo zaidi ya 2,000 vinaipokea kwa kiwango fulani. Ada ya mtihani mmoja haifiki dola 100, ingawa kituo unakofanyia nacho hutoza chake juu yake. Ukilinganisha na bei ya somo moja chuoni, unaona mwenyewe kwa nini mtu aliyechoka atatega sikio.

Haya yote alinieleza, na yote yalikuwa kweli. Nilikwenda nyumbani nikayatafuta nikayakuta. Nikamwamini. Uongo aliuweka juu ya ukweli huo, na mimi sikurudi tena kuuhakiki.

Kwanza aliniambia uzoefu wangu kazini "utabadilishwa kuwa krediti kupitia CLEP", kwa hiyo mtihani sihitaji kuufanya, wao wataandika tathmini tu. Si kweli hata chembe. CLEP haipimi uzoefu wa mtu. Ni mtihani, unakaa unaufanya, unafaulu au unashindwa. Vipo vyuo vinavyotathmini uzoefu wa kazi, lakini kazi hiyo hufanywa na chuo chenyewe, kwa utaratibu wake na kwa ada yake.

Pili, aliniuzia CLEP ya anatomia na fiziolojia. Kila anayetaka uuguzi analijua somo hilo, ndilo linalotutoa jasho. Katika ile mitihani 34 kuna biolojia, kuna kemia, kuna sayansi asilia kwa jumla. Anatomia na fiziolojia haimo.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu alitumia lugha yetu kutunasa, aliniuzia CLEP ya Kiswahili. "Wewe ni Mswahili wa kuzaliwa, dada, hizi ni krediti 12 za mteremko." Kiswahili hakimo kwenye CLEP. Lugha zilizomo ni Kifaransa, Kijerumani na Kihispania basi. Akija mtu anakuuzia CLEP ya Kiswahili, funga mazungumzo hapo hapo. Kama unataka Kiswahili chako kihesabiwe, muulize mshauri wako wa masomo iwapo chuo kina mtihani wake wa kupima lugha au kinapokea wa chuo kingine. Usimuulize dalali.

Bei ya kifurushi ilikuwa dola 1,850 kwa krediti 36, "ndani ya siku 14". Nilituma kwa Zelle, ile huduma ya kutumiana fedha kupitia benki, mara mbili, 1,000 kwanza, halafu 850 baada ya yeye kuniambia "faili lako liko mezani kwa mkubwa". Alitaka picha ya kitambulisho changu, namba ya Social Security, ile namba ya serikali ambayo mwizi anaweza kukopea kwa jina lako, na nywila ya akaunti yangu ya chuo. Nywila nilikataa kumpa. Namba nilimpa. Nayaandika haya huku moyo unaniuma, lakini bora mjue.

Siku ya 20 ikaja barua pepe yenye cheti. Kizuri, kina nembo, kina mhuri, na orodha ya masomo na alama. Sosholojia 85. Kiswahili 92. Akaniambia nikichapishe nikipeleke chuoni mwenyewe kwa mkono.

Nilikipeleka. Yule mama wa ofisi ya msajili alikitazama kwa muda, akanigeukia, akaniuliza kwa upole nimekipata wapi. Nikamweleza kila kitu kama kilivyokuwa. Ndipo akanionyesha mambo mawili ambayo nataka kila mmoja wenu ayajue kabla hajatoa hata senti. Alama za CLEP zinaanzia 20 na kuishia 80. Hakuna binadamu aliyewahi kupata 85, wala 92. Na matokeo hayapelekwi na mwanafunzi kwa mkono. College Board ndiyo inayoyatuma chuoni moja kwa moja, na unapojiandikisha unachagua chuo gani kitumiwe, bila malipo ya ziada.

Aliniambia pia kwamba kama ningejaza fomu ya kuomba krediti na kuambatisha karatasi ile, jambo lingekwenda kwenye kamati ya nidhamu kama kughushi, na hapo kujieleza kungekuwa kugumu. Mwenzetu mmoja, kijana mwenye viza ya masomo, alikuwa ameshajaza. Ilibidi apeleke ujumbe wote wa WhatsApp na risiti za malipo kuonyesha kwamba naye ametapeliwa. Kwa mtu mwenye viza ya aina hiyo, kufukuzwa chuo ni kupoteza haki ya kukaa nchini. Jamaa analijua hilo, na bado anawafuata wanafunzi.

Benki nilikwenda. Jibu lao lilikuwa kwamba fedha nilizituma mwenyewe kwa hiari yangu, kwa hiyo hawawezi kuzirudisha. Namba ya jamaa ikawa haipatikani wiki hiyo hiyo.

Kuna wengine anawaendea kwa njia tofauti. Hawaambii wasifanye mtihani, anawaambia atawatafutia mtu wa kuwafanyia. Msikubali. Kituoni unaonyesha kitambulisho chenye picha, na ukifanyia nyumbani kwa kompyuta msimamizi anakutazama kwa kamera. Ukikamatwa, matokeo yanafutwa na chuo kinaarifiwa. Hata usipokamatwa, umeshampa mtu asiye na huruma siri ya kukutishia nayo kila anapoishiwa fedha.

Na kwa wenzangu wa uuguzi, kumbukeni ya Florida. Januari 2023 serikali ya Marekani iliwashtaki watu 25 kwa kuuza diploma na transkripti (rekodi za masomo) bandia za uuguzi, zaidi ya 7,600. Walionunua walidhani wamekata njia. Bodi za uuguzi za majimbo mbalimbali zikaanza kuwatafuta mmoja mmoja, na kuna walionyang'anywa leseni wakiwa tayari kazini. Huyu jamaa wetu nilipomlalamikia mara ya kwanza kuhusu anatomia, alinijibu kwamba kwa dola 9,000 anaweza kunipatia "karatasi nzima" ya uuguzi, nisahau habari ya masomo. Ndipo nilipoanza kumwogopa.

Sitaki mtu asome haya kisha aiache mitihani yenyewe, maana ingekuwa hasara ya pili. Nitawaeleza nilivyofanya baada ya kulia vya kutosha.

Nilianzia kwa mshauri wa masomo, siyo kwenye mtandao. Nilimwomba orodha ya chuo chetu ya mitihani ya CLEP kinayoitambua, na nikamuuliza kila mstari: alama ngapi mnataka, mnatoa krediti ngapi, inachukua nafasi ya somo lipi kwenye programu yangu, na kikomo ni kipi. Hapa vyuo vinatofautiana sana. Baraza la Elimu la Marekani, ACE, linapendekeza alama 50 ndiyo iwe ya kufaulu, lakini chuo kina uhuru wa kudai zaidi, au kukataa mtihani fulani kabisa. Vingi vinataka idadi fulani ya krediti zisomwe kwao, na vingi havikubali CLEP kwa masomo ya fani yenyewe. Kwangu mimi, masomo ya jumla karibu yote yanawezekana, ya uuguzi hakuna hata moja. Jibu hilo nililipata kwa dakika 25, bure. Mwombe akuandikie kwa barua pepe ulitunze.

Halafu nilifungua akaunti ya College Board mwenyewe. Kwa kujisomea, kuna shirika lisilo la faida linaloitwa Modern States. Kozi zao za kujiandaa na CLEP ni za bure kwenye intaneti, na ukimaliza kozi wanakupa vocha inayolipia ada ya mtihani. Nilishangaa. Kile kitabu cha "siri" alichonitumia jamaa kama nyongeza ya kifurushi kilikuwa maswali ya mazoezi ya watu wengine, yamefutwa jina na kupigwa picha. Nilisoma sosholojia wiki sita, usiku wazee wakishalala, na wakati wa mapumziko kazini. Nikafanya mtihani, alama ikatokea kwenye skrini nilipomaliza: 57. Baada ya muda krediti tatu zikaonekana kwenye rekodi yangu ya chuo. Nililia tena, safari hii ndani ya gari, peke yangu.

Niwape na habari ya kaka mmoja kutoka Bukavu tunayefanya naye kazi. Alisoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza hadi sekondari. Jamaa alimdai dola 400 ili "amfungulie" CLEP ya Kifaransa. Mtihani huo haufunguliwi na mtu yeyote. Alijiandikisha mwenyewe kwa bei ya kawaida, akaenda akasikiliza, akasoma, akajibu, na chuo chake kikampa krediti tisa. Kwa hiyo ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda mliosoma kwa Kifaransa, ulizeni vyuoni kwenu kuhusu mtihani huu kabla ya mwingine wowote. Ni mali yenu, mmekuja nayo.

Na mkishindwa, hamjafa. Unasubiri miezi mitatu unaurudia mtihani ule ule. Jamaa alinitisha kwamba kushindwa mara moja "kunachafua rekodi maisha". Alisema hivyo nisije nikajaribu mwenyewe.

Kwa wale mlioshamlipa. Kama cheti hakijafika chuoni, kisifike. Usikipeleke hata kwa kujaribu. Kama umeshakipeleka, nenda leo kwa msajili ueleze kabla hawajakuita, na ubebe ujumbe wote na risiti zote, usifute kitu. Kama ulimpa namba ya Social Security kama mimi, fungia taarifa zako za mikopo, ili mtu asikope kwa jina lako, kwenye kampuni zote tatu zinazozitunza, yaani Equifax, Experian na TransUnion. Ni bure kwa sheria tangu 2018, na mimi nilimaliza zote kwa mchana mmoja. Kama ulimpa nywila yoyote, badilisha, na kama unaitumia nywila hiyo hiyo kwenye benki, anza na benki. Taarifa ya utapeli unaiandika kwenye ReportFraud.ftc.gov, na ya wizi wa utambulisho kwenye IdentityTheft.gov. Kiingereza kikikusumbua, tafuta mtu wa nyumbani akusaidie kujaza. Mimi nimeshawasaidia wawili na nitasaidia wengine. Kuona aibu naelewa, niliona aibu hata kumwambia mume wangu kwa wiki tatu nzima. Lakini wakati mimi nimenyamaza, jamaa alimlipisha binti wa jirani yangu dola 700.

Kwa sasa anajitambulisha kama mshauri wa masomo, picha yake ina joho la mahafali, na kifurushi amekiita cha majira ya kiangazi. CLEP ya Kiswahili bado imo, dola 450.