Kisu cha porini: kikubwa kilinitia aibu, kidogo ninacho hadi leo

Kisu changu cha kwanza cha porini nilikinunua Kariakoo kwa Sh 45,000, na nilikinunua kwa macho tu. Kirefu, cheusi ti, mgongoni kina meno ya msumeno. Mpini wake bomba lenye uwazi, ndani mna njiti za kiberiti na ndoana mbili, na kwenye kifuniko kuna dira. Muuzaji akaniambia, "Kaka, hiki cha makomandoo." Basi nikajiona komandoo.

Tulikuwa watatu, tunatembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae kupitia Rangwi. Siku ya pili mvua ilitupiga mchana kutwa. Jioni mama mmoja alituruhusu kupiga hema uani kwake, akatupa na kuni za mkaratusi, huku akituomba radhi kwamba zimelowa. Nikachomoa silaha yangu, nikaisimamisha juu ya kuni moja isiyozidi unene wa kifundo cha mkono, nikaigonga mgongoni kwa gongo ili ipasuke. Pigo la tatu, kisu kikabaki kwenye kuni na mimi nikabaki na mpini. Nilipochungulia ndani ya lile bomba nikaona msuka wenyewe, ule ulimi wa chuma unaoingia mpinini: mfupi kama kidole gumba, umeshikwa na nati moja. Mama hakucheka. Aliingia ndani akatoka na panga lililolika kwa kunolewa, akazimaliza zile kuni kabla sijajua niuweke wapi mpini wangu. (Na ile dira, kumbe kila upande unaogeukia yenyewe inadai ndiko kaskazini.)

Tangu hapo sitafuti tena kisu cha kufanya kazi ya panga. Panga letu tunalo, na hakuna kisu cha dukani kitakachoshindana nalo. Nilichokuwa nakikosa ni kisu cha kazi ndogo ndogo: kumenya, kukata kamba, kuparua samaki, kuchonga kigingi cha hema.

Shemeji yangu anayeishi Sweden aliniletea Mora Companion, ndani ya begi la mizigo bila shaka, maana kisu huwezi kuingia nacho ndani ya ndege. Visu hivi vinatoka mji wa Mora, na kampuni inayovitengeneza ilianzia huko mwaka 1891. Kukitazama hakitishi mtu. Makali yana sentimita 10 na kidogo, unene milimita 2.5, mpini wa plastiki na mpira, ala ya plastiki. Mke wangu alidhani ni cha jikoni.

Lakini kishike. Mpini umejaa kiganjani na hautelezi hata mkono ukiwa na utumbo wa samaki. Kuni zilizolowa nje sasa hazinisumbui: nabandua gome, nafikia pakavu, nanyoa maranda membamba yanayojikunja bila kukatika, na maranda hayo yanashika moto kwa njiti moja. Kile kisu cheusi kilikuwa kinene mno, kinachimba badala ya kunyoa.

Kukinoa ndiko kulikonifurahisha zaidi. Makali yake yana mteremko mmoja mpana kila upande, kwa hiyo unaulaza mteremko wote juu ya kinoo, unasukuma. Hakuna kubahatisha pembe. Nikisahau kinoo, nageuza kikombe cha udongo na kunolea kwenye ule ukingo wa chini usiopakwa rangi ya kung'aa.

Ukienda kununua, kuna vya chuma kisichoshika kutu na vya chuma cha kaboni. Nilichagua cha kwanza kwa sababu nakaa Tanga, na hewa ya chumvi haina huruma. Cha kaboni ni kizuri pia, ila ukikata limau nacho ukakiacha bila kukifuta kinaweka madoa, na lazima ukipake mafuta. Jua vilevile kwamba msuka wa Companion haufiki mwisho wa mpini. Vijiti vya unene wa vidole viwili napasua nacho. Mgunga mkavu, hapana.

Mwaka uliofuata tulipita tena kwa yule mama. Aliazima kisu changu amenyee viazi, akamaliza beseni zima, kisha akakishika kidogo kabla ya kunirudishia. "Hiki umekitoa wapi, mwanangu?" Shemeji nimeshamwagiza kingine.