ThinkPad T480 ya mtumba: nilivyoiona ikipigishwa kazi steshenari

Steshenari yangu iko karibu na chuo, hapa Morogoro, na kompyuta za hapa hazidekezwi. Zinawashwa asubuhi, zinachapa tasnifu, zinasafisha picha za pasipoti, zinalishwa flashi zenye virusi za kila aina, na kijana wa zamu akitaka nafasi ya kukatia karatasi anainyanyua mashine kwa kushika ncha ya kioo. Nimemsema, nimechoka. Mashine inayoniendea vizuri katika hali hiyo ni ThinkPad T480 ya Lenovo, toleo la mwaka 2018, na zote nilizonazo ni za mtumba: zilitumika maofisini Ulaya, zikaishia Kariakoo.

Kwa sura haivutii. Ni nyeusi, nene, ina kitufe chekundu katikati ya kibodi ambacho wateja hukigusa wakidhani ni cha kuzimia. Mwanafunzi mwenye mashine nyembamba inayong'aa huitazama yangu kwa huruma.

Lakini wanafunzi haohao ndio wanaoniletea mashine zao wakitaka tuwatolee faili kabla kioo hakijang'oka. Nyingi zinafia mahali pamoja, kwenye bawaba. Bawaba yenyewe ni ya chuma, ila skrubu zake zinashika kwenye vinati vidogo vya shaba vilivyozamishwa kwenye plastiki tupu. Bawaba ikianza kukaza, kila ukifungua kioo nguvu yote inaishia kwenye ile plastiki. Siku moja unasikia "ta!", kona inaachama, na kila ukifunga inazidi kuachama. Fundi atakupakia gundi, utasogeza siku, kisha mtarudi palepale. Na zina majina makubwa tu. Kampuni moja hutengeneza mashine ya kuuzwa kwa bei ya chini na nyingine ya kuuzia maofisi, na hizo mbili hazifanani hata kidogo, kwa hiyo mimi siulizi kampuni, nauliza ukoo. Latitude ya Dell na EliteBook ya HP ziko ukoo wa kiofisi kama ThinkPad T. Kioo cha T480 kinalala mpaka kikawa sawa na meza, na za kwangu, pamoja na ule mchezo wa kunyanyuliwa kwa ncha, bawaba zinashika bado.

Muuzaji atakuambia pia kwamba imepita majaribio ya kijeshi ya Marekani, MIL-STD-810G. Msikilize, kisha endelea kukagua. Hizo ni taratibu za kupimia, na mtengenezaji mwenyewe ndiye anayechagua apime nini. Hakuna askari aliyeigusa mashine hiyo.

Kinachonifanya niirudie ni kwamba inafunguka. Kifuniko cha chini kinatoka kwa bisibisi ya kawaida na skrubu zake hazidondoki, zinabaki humohumo. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ina nafasi mbili, diski inabadilishwa, feni inafikika ukitaka kupuliza vumbi. Kibodi, kitu kinachochakaa kuliko vyote kwenye kazi yangu, kinatolewa peke yake. Kwenye mashine nyingi nyembamba kibodi kimeshikizwa kwa vipini vya plastiki vilivyoyeyushwa, na fundi atakutaka ununue sehemu nzima ya juu. Tena T480 ina betri mbili, moja ndani na moja nje. Umeme ukikatika katikati ya kazi ya mtu, unachomoa ya nje iliyokwisha na kuchomeka nyingine, mashine ikiendelea kuwaka kwa ile ya ndani. T490 iliyofuata mwaka 2019 haina betri ya nje, na RAM yake moja imechomewa kwenye bodi. T480s nayo iko hivyohivyo, kwa hiyo muuzaji akisema "ni zilezile, hii nyembamba kidogo", chungulia ile herufi ya mwisho.

Sasa ubaya wake. Zilitoka na vioo tofauti, na kile cha chini cha nukta 1366 kwa 768 ni balaa: ukiinamisha kichwa kidogo rangi inageuka. Mimi natengeneza picha za pasipoti, siwezi kumtoa mtu wa watu akiwa na uso wa kijivu. Tafuta chenye 1920 kwa 1080 cha IPS, aina ya kioo ambacho rangi yake haigeuki ukikitazama kwa pembeni. Chaja inaingia kwenye tundu la USB-C lililochomewa moja kwa moja kwenye bodi kuu. Likilegea, hilo ni la fundi mwenye mkono mtulivu. Tena ThinkPad za kipindi hicho zilijulikana kwa hitilafu ya programu ya Thunderbolt, mfumo wa kasi unaopitia tundu la USB-C, inayoweza kuua matundu hayo. Lenovo walitoa masasisho ya kuirekebisha, na kwa mashine ya mtumba huwezi kujua kama mwenye nayo wa kwanza aliyaweka. Yaweke siku hiyohiyo.

Ukiwa dukani, iwashe huku ukibonyeza F1. Ikidai nenosiri ili uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, irudishe kwa mwenyewe, kwani kuliondoa kunaweza kukugharimu bodi nzima. Halafu fungua Command Prompt ya Windows, uandike powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na wa sasa. Prosesa iwe ya kizazi cha 8, kwa sababu Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 2025, na T470 iliyoitangulia, yenye prosesa za vizazi vya nyuma, haimo kwenye orodha ya mashine zinazokubaliwa na Windows 11.

Ya mwisho niliipata kwa laki sita na nusu. Muuzaji alianzia laki nane. Ripoti ya betri ya nje ikaonyesha imebaki chini ya nusu, nikamgeuzia kioo asome mwenyewe.