FamilySearch: huduma ya bure ya kufuatilia ukoo hadi parishi za Uingereza na vitabu vya Wamormoni wa mwanzo

Mtu wa Nakuru au Kisumu anayemtafuta babu aliyezaliwa Uingereza atakutana na tovuti nyingi za kulipia kila mwezi, na moja ya bure ambayo kwa vitabu vya kanisa haina mpinzani rahisi. Hiyo ni FamilySearch. Wanaoihitaji huku kwetu si wachache: wajukuu wa masetla wa Njoro, Molo na Solai, familia zilizotokana na wafanyakazi wa reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, waandishi wa historia za misheni, na vijana wanaolipwa na wateja wa ng'ambo kuwatafutia nasaba. Kwa kazi hizo tunaipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeikosa kwa sababu ya mti wake wa pamoja, nao tutaufikia.

Mwenye huduma ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale wanaojulikana zaidi kama Wamormoni. Sababu yao ya kukusanya majina ni ya kidini: waumini hubatizwa kwa niaba ya jamaa waliokufa, hivyo ni lazima wawajue kwa majina. Walianzisha chama cha nasaba Utah mwaka 1894, wakaanza kupiga vitabu picha za filamu mwaka 1938, na mwaka 2021 wakakamilisha kuziingiza kwenye kompyuta filamu zao zipatazo milioni 2.4. Ndiyo maana humo utakuta vitabu vya Waanglikana, vya Wamethodisti, na vya serikali pia. Kufungua akaunti hakumfanyi mtu kuwa muumini, wala hakuna anayekudai nambari ya kadi ya benki. Utaulizwa jina, tarehe ya kuzaliwa, na barua pepe au nambari ya simu ya kupokelea msimbo. Ukiwa saiba, hakikisha umetoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka.

Simu inatosha kutafuta majina, kwa sababu faharasa, yaani orodha ya majina yaliyonakiliwa kutoka vitabuni, ni maandishi matupu. Picha za kurasa ni jambo lingine. Kila ukikuza ukurasa bando linayeyuka, na mwandiko wa mwaka 1690 hausomeki kwenye kioo kidogo. Tafuta kwa simu, andika nambari za filamu kwenye daftari, kisha fungua picha zote kwa pamoja kwenye kompyuta.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kukimbilia Uingereza kabla ya kumaliza Kenya. Kuandika "John Smith, England" kutaleta maelfu ya watu. Kwanza pata jina kamili, mwaka na ikiwezekana kijiji. Jiwe la kaburi, rejista ya ubatizo au ndoa ya kanisa la hapa, na matangazo ya mirathi katika Gazeti Rasmi la serikali ndiyo mahali pa kuanzia. Matangazo hayo hutaja jina lote la marehemu, alikokuwa akiishi na alipofariki. Ukiwa na jina na mwaka wa kuzaliwa, nenda kwenye sensa za Uingereza. Ya mwaka 1841 ni dhaifu: umri wa watu wazima ulipunguzwa hadi tano ya karibu, na mahali pa kuzaliwa hapatajwi kwa kina. Kuanzia 1851 kila mtu anaandikiwa parishi aliyozaliwa, na faharasa ya sensa ya 1881 iko humo bila malipo. Ukishaijua parishi, sasa ingia kwenye vitabu vya kanisa.

Kwa mazoezi, tunashauri majina mawili ambayo Nakuru nzima inayajua: Delamere wa Soysambu na Egerton wa Njoro. Wote wawili ni wa koo za kaunti moja, Cheshire. Akina Cholmondeley, ambao ndio ukoo wa Delamere, walikuwa na makao Vale Royal karibu na Whitegate; akina Egerton walikuwa Tatton karibu na Knutsford. Rejista za parishi za Cheshire pamoja na nakala za askofu (nakala za vitabu hivyo zilizopelekwa kwa askofu) zimefanyiwa faharasa nzuri humo. Hugh Cholmondeley alizaliwa mwaka 1870, Maurice Egerton mwaka 1874, na koo zao zimeandikwa kwa karne nyingi, kwa hiyo unajua jibu kabla ya kuuliza. Hapo utaona haraka faharasa inapokosea. Usishangae usipompata mtoto kwenye parishi ya nyumbani. Familia za tabaka hilo mara nyingi zilibatiza London.

Cholmondeley hutamkwa kama Chamli. Karani wa parishi aliandika alichosikia, hivyo ukoo huohuo unaonekana Cholmley, Chumley na kadhalika. Tumia nyota badala ya herufi usizo na uhakika nazo: Ch*m*l*y inakamata zote tatu. Alama ya kuuliza husimamia herufi moja tu. Jina la kwanza liache tupu pale jina la ukoo ni adimu, na weka miaka miwili kila upande wa ule unaoudhania.

Kinachopatikana ndani ya kitabu hutegemea mwaka. Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parishi iwe na kitabu mwaka 1538, na kuanzia 1598 nakala ya kila mwaka ilipelekwa kwa askofu. Nakala hizo za askofu ni hazina: kitabu cha parishi kikiliwa na panya au kulowa, nakala huenda ilisalia. Zina kasoro yake pia, maana aliyenakili aliruka mistari na kufupisha. Kati ya 1653 na 1660, wakati mfalme hayupo, vitabu vingi vina pengo. Kutompata mtu miaka hiyo si ushahidi kwamba hakuwepo.

Kabla ya 1813 ubatizo unaweza kuwa mstari mmoja tu: "Thomas mwana wa William Hall", mama hatajwi. Kuanzia Januari 1813 fomu zilichapishwa, ubatizo nane kwa ukurasa, zikiwa na majina ya baba na mama, makao na kazi ya baba. Hapo ndipo unapoweza kuwatenganisha akina William Hall wawili wa kijiji kimoja, mmoja fundi viatu na mwingine kibarua wa shamba. Mazishi yanataja umri kuanzia mwaka huohuo, lakini wazazi hawamo. Ndoa za kuanzia 25 Machi 1754 zina sahihi au alama ya X ya maharusi na mashahidi. Tazama mashahidi, mara nyingi ni ndugu. Kuanzia 1 Julai 1837 cheti cha ndoa kinataja baba wa kila upande na kazi yake. Karatasi hiyo moja inaweza kukurudisha kizazi kizima.

Tarehe nazo zina mtego. Hadi 1751 mwaka wa Uingereza ulianza 25 Machi. Mtoto aliyeandikwa kabatizwa 10 Februari 1720 ni wa 1721 kwa hesabu yetu. Asiyejua hilo atadhani mtoto alizaliwa kabla ya harusi ya wazazi waliofunga ndoa Mei 1720. Andika zote mbili: 1720/21. Na kumbuka kwamba ubatizo si kuzaliwa. Familia nyingine zilipeleka watoto wanne siku moja, mkubwa akiwa na miaka minane.

Ukoo wako ukiwa wa Wamethodisti au Wabaptisti, ubatizo utafute kwenye vitabu vya makanisa yao, lakini ndoa kati ya 1754 na 1837 itafute Kianglikana. Sheria iliwaachia Waquaker na Wayahudi tu kufunga ndoa zao wenyewe. Hili lina maana magharibi mwa Kenya, ambako Friends, yaani Waquaker, walifika Kaimosi mwaka 1902: anayefuatilia ukoo wa Waquaker asipoteze muda kutafuta ubatizo, kwa kuwa hawabatizi kwa maji. Huandika kuzaliwa, ndoa na vifo katika vitabu vya mikutano yao, na miezi wameipa nambari. Kabla ya 1752, mwezi wa kwanza wao ni Machi.

Upande wa Wamormoni ndio wengi huuruka, wakidhani unawahusu Wamarekani peke yao. Kanisa hilo lilianzishwa jimbo la New York tarehe 6 Aprili 1830, lakini maelfu ya waumini wake wa mwanzo walikuwa Waingereza. Wamisionari wa kwanza, akiwemo Heber C. Kimball, walishuka Liverpool Julai 1837, na tarehe 30 mwezi huo wakabatiza watu katika Mto Ribble pale Preston. Kuanzia 1840 waumini walipanda meli Liverpool, kwanza wakielekea Nauvoo, Illinois, kisha, baada ya 1847, bonde la Salt Lake. Sasa fikiria ndugu wawili wa Lancashire: mmoja kahamia Utah, mwingine kabaki, na mjukuu wa aliyebaki ndiye aliyekuja kulima Molo. Kumbukumbu za aliyebaki zinaweza kuishia kwenye sensa ya 1851. Za aliyeondoka mara nyingi hutaja kijiji, tarehe ya kuzaliwa na wazazi. Ukikwama kwa babu yako, mtafute ndugu yake Utah.

Fungua kwanza vitabu vya matawi ya Uingereza, yaani makusanyiko madogo ya waumini wa Kimormoni. Mstari mmoja unaweza kuwa na jina, mahali na tarehe ya kuzaliwa, siku ya ubatizo, aliyembatiza, aliyemthibitisha, na maoni pembeni: alihamia tawi jingine, alisafiri, alitengwa. Kutengwa si kufa, wengi walirudi. Jina la tawi pia si jina la parishi, kwani tawi moja lilikusanya watu wa vijiji vingi. Kisha kuna orodha za wasafiri, ambazo Chuo Kikuu cha Brigham Young kimeziweka kwenye tovuti ya Saints by Sea pamoja na barua na shajara za meli hizo. Faharasa ya baraka za kipatriaki, yaani baraka ambazo muumini hupewa na kiongozi wa kanisa aitwaye patriaki, hutaja wazazi. Lakini kinachotufurahisha zaidi ni vitabu vya Nauvoo vya ubatizo kwa niaba ya wafu, vya miaka ya 1840: vinaandika aliyebatizwa, marehemu, na uhusiano wao. Mwanamke aliyehama kutoka Uingereza anabatizwa kwa niaba ya nyanya yake, na hapohapo unapata jina la mtu ambaye pengine kitabu cha parishi kilimwita tu "mke wa Robert".

Uangalifu unahitajika. Wamormoni hubatiza kuanzia miaka minane, kwa kuzamisha, kwa hiyo tarehe ya ubatizo wa tawi haisemi chochote kuhusu kuzaliwa. Waumini wengi wa mwanzo walibatizwa tena walipofika Utah, hasa 1856 na 1857. Tarehe mbili za ubatizo kwa jina moja si lazima ziwe watu wawili. Ndoa za wake wengi zilitangazwa hadharani mwaka 1852 na kusitishwa rasmi 1890, kwa hiyo mtoto mpe mama baada tu ya kuona hati inayomtaja mama huyo. Na mtu wa Herefordshire aliyejiunga mwaka 1840, wakati mmisionari wa Kimormoni Wilford Woodruff alipohubiri kwenye shamba la John Benbow, huenda alikuwa wa United Brethren, kundi lililojitenga na Wamethodisti. Usimtegemee kumwona kwenye kila kitabu cha Kianglikana.

Basi, mti wa pamoja. FamilySearch ina mti mmoja wa dunia nzima, na yeyote mwenye akaunti anaweza kubadilisha mtu aliyekufa. Watu huunganisha majina yanayofanana tu, na utamkuta baba aliyefariki miaka mitatu kabla ya mwanawe kuzaliwa. Uchukue kama uvumi wa kijijini: unakuelekeza mlango wa kugonga, basi. Kabla ya kuamini, tazama sehemu ya vyanzo. Kama haina hata kimoja, au kuna mti wa mtu mwingine tu, endelea na safari.

Kasoro ya pili ni faharasa zisizo na picha. Makusanyo makubwa ya zamani ya ubatizo na ndoa za Uingereza yanaonyesha majina bila ukurasa. Chukua nambari ya filamu chini ya tokeo, iweke kwenye katalogi, uone kama kuna alama ya kamera. Kamera ikiwa na ufunguo, picha inafunguka tu kwenye kituo cha FamilySearch au maktaba yenye mkataba nao. Uliza kwenye kanisa lao lililo karibu kama lina kituo na siku kinapofunguliwa, kwa kuwa wahudumu ni wa kujitolea. Masharti hayo huwekwa na wenye vitabu, na hakuna ujanja wa kuyapita.

Kwa familia zisizotaka majina ya wapendwa wao yapelekwe hekaluni kwa ule ubatizo wa niaba, ni vizuri kujua kwamba kwa aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita kanisa hilo linadai idhini ya jamaa wa karibu aliye hai. Kutafuta tu hakupeleki jina popote. Watu walio hai unaowaingiza kwenye mti hawaonekani kwa umma.

Ukipata ukurasa, upakue wote, si mstari wako peke yake, maana jirani wa chini anaweza kuwa binamu. Faili ipe jina la parishi, kaunti, mwaka, nambari ya filamu na nambari ya picha, kwa mpangilio huo. Ukiona faharasa imesoma vibaya jina na kitufe cha kuhariri kipo, rekebisha, na uache usomaji wa zamani ukiwa bado unaonekana.