Rangi ya mafuta ya kitani kwenye milango ya nyumba ya Tanga: tathmini baada ya miaka minne

Nyumba yetu ya urithi mjini Tanga ina milango mitano ya mvule na madirisha manane ya mbao, na kwa muda wote ninaoukumbuka mbao hizo zilikuwa zikipakwa rangi ya mafuta inayouzwa madukani kwa makopo. Kila baada ya masika mawili au matatu rangi ilifanya malengelenge, ikapasuka, kisha ikaanza kubanduka vipande vipande kama magamba ya samaki, na fundi akalazimika kuikwangua yote mpaka kwenye ubao kabla ya kupaka upya. Miaka minne iliyopita, upepo wa Kaskazi ulipokwisha kushika na hewa ikawa kavu, tuliachana na rangi hiyo tukajaribu rangi ya mafuta ya kitani. Nimesubiri hadi sasa kuandika kwa sababu sifa za rangi hazionekani siku ile inapopakwa.

Kwanza ni lazima nitofautishe majina, kwa kuwa yanachanganya. Ukiomba dukani "rangi ya mafuta" utapewa rangi ya alkidi inayong'aa, ambayo huzimuliwa kwa vimiminika vya petroli na hutoa mvuke mkali kwa siku kadhaa. Ni kweli kwamba hata alkidi hutengenezwa mara nyingi kwa kutumia mafuta ya mimea, hasa ya soya au kitani, lakini mafuta hayo hugeuzwa kiwandani kiasi kwamba mwisho wake huwa ni utando mgumu unaokaa juu ya ubao. Rangi ninayoizungumzia hapa ni mafuta yenyewe, yaliyokamuliwa kutoka mbegu za kitani, yakachanganywa na unga wa rangi. Maseremala wengi na wauzaji wa vifaa vya ujenzi huyajua mafuta haya kwa jina la linsidi.

Hatukuagiza rangi iliyokwisha kutengenezwa. Tulinunua mafuta katika duka la vifaa vya ujenzi, na kwa ajili ya rangi tukachukua oksidi nyekundu ya chuma, yaani unga ule ule ambao mafundi wa Pwani huuchanganya na saruji kutengeneza sakafu nyekundu. Fundi wetu, mzee aliyezoea kazi za majahazi, aliukanda unga na mafuta kidogo kidogo juu ya kigae mpaka ukawa kama uji mzito wa ulezi, ndipo akauzimua kwa mafuta zaidi. Ubao wa mlango ulipakwa mikono mitatu, na kila mkono ulikuwa mwembamba sana, umesuguliwa kwa brashi mpaka ukaonekana kana kwamba hautoshi. Wembamba huo ndio siri ya kazi nzima. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kupotea hewani kama maji. Hukauka kwa kuvuta oksijeni na kugeuka polepole kuwa kitu kigumu, kwa hiyo ukipaka mkono mnene, sehemu ya juu hujikunja kama ngozi ya maziwa wakati ya ndani ingali mbichi. Tulifanya kosa hilo kwenye kizingiti kimoja, na tulilazimika kukikwangua baada ya wiki tatu kikiwa bado kinanata.

Kuhusu muda wa kukauka, mwenye haraka asijaribu. Sisi tulisubiri siku tatu baina ya mkono mmoja na mwingine katika hali ya hewa nzuri, na dirisha moja lililochelewa hadi mvua za mwanzo lilihitaji siku sita. Mafuta yanayoitwa "yaliyochemshwa" hukauka mapema zaidi, lakini mnunuzi ajue kwamba siku hizi wepesi huo hauletwi na moto peke yake, bali mara nyingi hutokana na chumvi za metali kama manganizi au kobalti zinazoongezwa ili kuharakisha. Nilikubali kuyatumia kwa milango ya nje. Kwa rafu za jikoni nilichukua mafuta mabichi, na nikavumilia.

Sasa nije kwenye faida, nianze na ile ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote, ingawa haizungumzwi sana na wauzaji wa rangi za asili, ambao hupenda kuanza na harufu. Rangi hii haibanduki. Mafuta yamenywewa na ubao, hayajatandazwa juu yake tu, na jua linapoyachosha kwa miaka, rangi hupauka na kuacha vumbi jepesi kidoleni, lakini haivunjiki vipande. Mlango wetu wa mbele unapigwa na jua kuanzia alfajiri mpaka karibu adhuhuri. Katika mwaka wa tatu ulikuwa umepauka kabisa, na jirani mmoja alidhani kazi imeharibika. Tuliuosha kwa maji na sabuni, tukauacha ukauke, kisha tukausugua kwa kitambaa chenye mafuta ya kitani matupu, na wekundu wake ukarudi siku ile ile. Hakukuwa na msasa wala skrepa, na fundi hakuitwa. Ukijumlisha gharama za kukwangua na kupaka upya ambazo tulikuwa tukizilipa zamani, bei ya lita moja ya mafuta, ambayo kwetu ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya rangi ya kopo, haionekani tena kuwa kubwa, hasa kwa kuwa mikono myembamba huifanya lita hiyo ienee eneo pana.

Faida ya pili ni kwamba najua kilichomo ndani yake, na jambo hili lina uzito wa kiafya. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kuwa hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini, ambayo huweza kuwamo katika rangi, kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi kwa sababu madini hayo hudhuru ubongo unaokua. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vimeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni za rangi, lakini mnunuzi aliyesimama dukani hana namna ya kulipima kopo. Nikichanganya mwenyewe mafuta na oksidi ya chuma, swali hilo linapungua sana. Hata hivyo neno "asili" lisimlaze mtu usingizi. Kwa muda mrefu rangi ya kawaida ya nyumba huko Ulaya ilikuwa ni mafuta haya haya ya kitani yaliyochanganywa na unga wa risasi nyeupe, na mafundi wengi walidhurika hata Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba wa kudhibiti risasi nyeupe katika upakaji rangi mwaka 1921. Mafuta hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika unga. Kwa hiyo uliza unga ni wa nini, na kama milango yako ni ya zamani, usikwangue rangi iliyopo ikiwa kavu, kwa sababu vumbi lake huenda lina risasi. Ilowanishe kwanza, kusanya mabaki yote, na watoto wasiwe karibu.

Harufu ipo. Si kali wala haiumizi macho yangu kama ile ya thina, lakini ni nzito, inafanana na karanga zilizokaa, na ilibaki chumbani kwa wiki mbili hivi. Vilevile vizimulishi vya mimea, kama tapentaini ya msonobari na mafuta ya maganda ya machungwa, hutoa mvuke wao na huwadhuru baadhi ya watu wenye mzio. Katika duka moja niliuziwa kopo lililoandikwa tapentaini ambalo harufu yake ilikuwa ya petroli tupu. Tangu hapo sizimui kwa kitu chochote isipokuwa mafuta yenyewe, na brashi naziosha kwa sabuni ya kipande.

Kasoro iliyonisumbua zaidi ni kuvu. Mafuta ya kitani ni chakula, na katika unyevu wa Pwani kuna viumbe vinavyokila. Baada ya masika ya kwanza, madirisha mawili yaliyo upande wa kivulini yalijaa madoa meusi madogo, ilhali yale ya upande wa jua yalibaki safi. Tuliyaosha, tukayapaka tena kwa mchanganyiko ulioongezwa oksidi ya zinki, ambayo watengenezaji wa rangi wamekuwa wakiitumia tangu zamani kuzuia kuvu, na hali ikawa nzuri zaidi ingawa madoa machache hurudi kila mwaka. Kwa bafu, au chumba kisichopitisha hewa, siipendekezi kabisa. Wala isitarajiwe kufukuza mchwa. Tena, mbao za msaji, ambao wengine huuita mtiki, zina mafuta yao ya asili yanayochelewesha kukauka, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kona iliyojificha. Na asiyetaka weupe ugeuke manjano asipake rangi nyeupe ya kitani ndani ya chumba chenye giza, kwa maana mafuta haya huwa ya manjano yakikosa mwanga.

Kuna hatari moja ambayo sitaki mtu yeyote aisome kwa haraka. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani hayapaswi kurundikwa pamoja. Yanapokauka hutoa joto, na yakiwa yamekunjwa au kusongwa ndani ya ndoo joto hilo hujikusanya mpaka matambara yakawaka moto yenyewe, bila kiberiti. Yatandaze nje, moja moja, mpaka yakakamae, au yatumbukize ndani ya maji kwenye kopo lenye kifuniko.

Watu wengi wameniuliza kwa nini tusitumie mafuta ya nazi, yaliyojaa hapa hapa. Sababu ni kwamba mafuta ya nazi hayakauki. Yatabaki ya kunata na kukusanya vumbi mwaka mzima. Mafuta ya nyonyo nayo hayakauki mpaka yafanyiwe kazi kiwandani. Mmea wa kwetu wenye uwezo wa kweli ni mkorosho. Kimiminika cha maganda ya korosho hutumika viwandani kutengenezea rangi na vanishi, na hulinda mbao dhidi ya wadudu, ila kikiwa kibichi huunguza ngozi vibaya, kwa hiyo si kitu cha kujaribiwa uani. Inanisikitisha kwamba Mtwara na Lindi zinavuna korosho kwa wingi namna ile, nasi tunatafuta mafuta ya mmea unaostawi katika nchi za baridi.

Kuta ni habari nyingine. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe, na kuta za namna hiyo zimezoea chokaa, ambayo haitokani na mmea lakini huliacha jiwe lipumue. Chumba kimoja tu cha watoto, kilichopigwa lipu ya saruji, tulikipaka rangi ya ukutani ya kampuni ya AURO ya Braunschweig, Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1983 na mwanakemia Hermann Fischer. Ndugu yetu aliitia ndani ya kontena la mizigo yake. Ilipakika vizuri na kukauka kwa muda wa kawaida, lakini kilichonivutia zaidi ni desturi ya kampuni hiyo ya kutaja viambato vyote vya rangi zake. Laiti kila kopo linalouzwa kwetu lingekuwa na orodha kama hiyo. Kwa gharama za usafirishaji, sitaagiza kwa ajili ya nyumba nzima.

Kwa milango na madirisha ya mbao yanayopata hewa na jua, mimi sirudi kwenye rangi ya kopo. Mwezi uliopita niliusugua tena mlango wa mbele pamoja na mfaa wake: mafuta robo lita, kitambaa kimoja, na asubuhi moja ya kazi. Kitambaa nilikitandaza juu ya ukuta wa uani, na jioni kilikuwa kimekakamaa kama karatasi.